Vikuku vya Chini ya Mafiga

Mansoor alikuwa mume wa shangazi yangu Tausi. Mwisho wake niliuona kwa macho yangu. Mwanzo nilisimuliwa na Mzee Efraimu, ambaye hakuwa mtu wa uongo.

Ilikuwa mwaka 1993, miaka ya ruksa, wakati kila mwenye duka Makambako aliuza chochote kilichovuka mpaka. Mansoor aliuza vipuri vya malori pale Lyamkena. Jumanne moja asubuhi, Mansoor akinywa chai ya tangawizi, dereva aliyetoka Tunduma alimuuzia mashine ya kutafuta vyuma ardhini: fimbo ndefu yenye sahani chini. Ukiipitisha juu ya chuma, inalia. Shangazi aliijaribu kwenye masufuria yake akacheka hadi machozi yakamtoka.

Lakini utaipitisha wapi, na dunia ni kubwa? Mansoor akapanda Njombe kumtafuta Mzee Efraimu, mchoraji ramani mstaafu, aliyekuwa na ramani ya zamani ya Mjerumani iliyobandikwa kwenye kitambaa. Mzee akaitandaza mezani kando ya ramani mpya.

"Tafuta kijiji ambacho huku kipo na huku hakipo," alimfundisha. "Watu wakihama kwa amani hubeba vitu vyao. Wakikimbia, huviacha."

Mahali pa kwanza walipata majembe ya kale. Pa pili, rupia kumi na moja za Mjerumani ndani ya kopo. Pa tatu palikuwa kidoti kisicho na jina, juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ilembula. Kwenye ramani mpya palikuwa nyasi tu.

Walikuta nyumba moja. Bibi Dorosela aliishi humo peke yake.

"Kamwene," aliwakaribisha, akawachomea viazi. Mansoor akamwambia wametumwa kupima maji. Bibi akafurahi, akawasimulia habari za binti yake Idda anayeishi Ilembula, kisha akaenda kisimani. Mansoor akaipitisha mashine ndani ya nyumba. Ilipofika kwenye mafiga, haikulia kama siku zote. Ilipiga yowe.

Bibi aliporudi na ndoo, Mansoor alimtazama usoni. "Bibi, nilisahau kukwambia. Idda kalazwa hospitali. Anakuita."

Ndoo ilimponyoka. Akashuka kilima bila viatu.

"Bwana Mansoor, hiyo ni dhambi," alisema Efraimu.

"Si atafurahi akimkuta mzima?" Mansoor alijibu, huku akiyang'oa mafiga.

Walichimba mchana kweupe. Shimo lilipofika kiunoni, waliona mifupa. Ya wakubwa na ya wadogo, imekumbatiana, imeungua. Mikononi na miguuni mwao kulikuwa na vikuku vya shaba. Vya wakubwa vilitoka kwa kuvuta. Vya watoto vilikwama. Mansoor akaivunja mifupa juu ya goti lake, mmoja mmoja, kama kuni.

Ukungu ulikuwa umeshatanda Bibi Dorosela aliporudi. Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa shimo, miguu inavuja damu.

"Hawa walichomwa ndani ya nyumba wakati wa vita ya Mjerumani," alisema. "Tukajenga juu yao ili mtu asiwaguse." Kisha akanong'ona, "Mlivuta, au mlivunja?"

Mansoor akainama kuiokota mashine.

"Nimewauliza."

"Tulivuta," alisema Mansoor.

Bibi aliitazama mikono ya Mansoor. "Haya. Chukueni."

Wiki ile ile Mansoor aliviuza vikuku vyote kwa mnunuzi aliyekuwa akipita. Hakikubaki hata kimoja.

Mimi nilifika kumsaidia dukani wiki ya tatu. Alikuwa akisugua kifundo cha mkono wa kushoto. "Kinabana," alisema. Hakikuwa na kitu. Alasiri moja akiifuta mashine vumbi, sahani ilipita karibu na mkono ule. Ikalia. Akavua saa. Ikalia. Akavua mkanda na shati. Ikalia. Shangazi alianza kucheka, kisha akaacha.

Hospitali walimpiga picha. Daktari aliielekeza dirishani, akamwita mwenzake. Ndani ya nyama, kuzunguka mfupa, palikuwa na pete nyeupe. Ndogo. Ya mtoto.

"Uliwekewa lini?" daktari alinong'ona.

Wakampasua. Hakukuwa na kitu. Wakamshona. Wakapiga picha nyingine. Pete ilikuwepo.

Kesho yake ukaanza mkono wa kulia. Kisha miguu. Vidole vikawa vyeusi. Tukamrudisha nyumbani, na asubuhi moja, nikiwa sebuleni, nilisikia mfupa ukivunjika chumbani kwake.

Ta!

Hakuna aliyemgusa. "Nilivunja!" alilia. "Mwambieni yule bibi nilivunja!"

Mzee Efraimu alipanda kilimani kuomba msamaha. Alikuta shimo limefukiwa, mafiga yamerudi mahali pake, viazi vinachemka. Bibi alikuwa akipukuchua mahindi.

"Amesema?"

"Amesema, bibi. Mhurumie."

"Alivunja mingapi?"

"Sijui."

"Mimi najua," alisema bibi. Akaendelea kupukuchua.

Iliendelea siku tisa. Mfupa mmoja asubuhi, mmoja jioni. Shangazi alijifunza kuziba masikio kabla. Wa mwisho ulikuwa wa shingo.

Walioosha maiti walisema ngozi haikuwa na jeraha lolote isipokuwa mshono wa daktari. Alikuwa amekonda, amebaki kama mtoto. Lakini wanaume wanane tulishindwa kuliinua jeneza. Tulimteremsha kaburini kwa kamba za kufungia mizigo ya malori, na moja ikakatika.

Kaburi lilianza kudidimia mwezi ule ule. Mwanzo tulijaza udongo kwa karai. Siku hizi tunapeleka trela la trekta lililojaa udongo kila mwaka, na bado kaburi linashuka. Wiki iliyopita nilikwenda tena. Shimo lilinifika kiunoni, na makaburi ya jirani, yale ya watu wasiomjua kabisa Mansoor, yameanza kuinamia upande wake.