Yupo

Kiza kilikuwa kinaanza kuingia pale Veridiana aliposhuka kwenye basi kwa mara ya nne siku hiyo, akitafuta mahali pa kunyoosha miguu. Mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi. Kwao Buffalo, Marekani, amezoea theluji ya kufika magotini, lakini mvua hii ya Ayalandi ilimshinda tabia: nyembamba, baridi, haina mwisho.

Alikuwa na mdogo wake Dionizi, aliyetoka Columbus. Walikuja kumzika Sista Brida, Mwayalandi aliyekuwa muuguzi wa kambi yao ya wakimbizi kule Tanzania. Mazishi yalikwisha jana. Leo wakajilipia matembezi ya siku moja: wazungu ishirini na Warundi wawili ndani ya basi dogo, na kijana mwongozaji asiyejua kunyamaza.

Kituo cha mwisho kilikuwa kanisa bovu lisilo na paa. Nyuma yake, ukuta wa mawe.

"Hapa walizikwa watoto ambao hawakuandikwa kwenye kitabu cha kanisa," alisema mwongozaji, maji yakimchuruzika puani. "Wazee wa hapa hawaiti mtu kwa jina karibu na ukuta huu." Akacheka. Wote wakacheka.

Dionizi hakucheka.

"Dada, kuna mtoto anakohoa," alinong'ona.

"Mtoto gani? Hawa wote wanatembelea fimbo."

"Sikiliza..."

Veridiana hakusikia kitu. Ila alipata harufu. Uji wa mahindi ya njano, ule wa kambini, ulioshika chini ya sufuria. Akarudi nyuma hatua moja.

Maana kulikuwa na jambo ambalo kwao halikusemwa mbele ya watu. Kaka yao Athanasi alikufa kambini kwa kikohozi, msimu wa mvua, akiwa na miaka minne. Dionizi alikuwa amezaliwa baada ya uandikishaji kufungwa. Hakuwa na jina kwenye kadi ya chakula. Mama hakwenda ofisini kutoa taarifa ya msiba. Alimpa Dionizi jina la marehemu, na Sista Brida aliyejua yote akalifumbia macho. Kwa jina hilo Dionizi alikula, akasoma, akapanda ndege hadi Louisville, akabeba maboksi ghalani Jeffersontown, akaoa, akaapa uraia. Nyumbani ni Dionizi. Kwenye karatasi ni Athanasi.

Na siku za mgao Veridiana alikuwa na kazi yake. Karani akiita jina na mwenyewe hayupo, unamwitikia upesi kabla kalamu haijapita. Ukichelewa, ndugu yako amefutwa.

Filimbi ikalia. Dionizi akasema anajisaidia nyuma ya ukuta, anakuja sasa hivi. Veridiana akapanda, akakaa, akafuta kioo kwa kiganja. Mwongozaji akasimama mlangoni na orodha iliyolowa, akaanza kuita majina.

"Athanasi?"

Kalamu ikainuka.

"Yupo!"

Lilimtoka tu, kwa sauti ileile ya utotoni, mkono juu. Mwongozaji akaweka alama.

Basi likainama kidogo, kama linavyoinama mtu mnene akipanda.

Kiti cha pembeni yake kikawa na mtu.

Koti la Dionizi. Viatu vya Dionizi. Uso wa Dionizi... mkavu. Hauna hata tone.

Mlango ukafungwa, basi likaondoka.

"Afadhali umewahi," alisema Veridiana, akimshukuru Mungu.

Yule mtu akakohoa. Kikohozi chembamba, cha kitoto.

"Dada," alinong'ona, "uji umebaki?"

Ndipo Veridiana alipotazama nje. Dionizi alikuwa anakimbia nyuma ya basi, bila koti, bila viatu, mdomo wazi, sauti haifiki.

Alipiga mayowe. Aligonga kioo. Kiingereza chake chote kikamtoka: simama, mdogo wangu ameachwa! Dereva akasimama. Mwongozaji akashuka na tochi, akaenda hadi ukutani, akarudi amelowa. Hakuona mtu. Akahesabu vichwa mara mbili. Ishirini na wawili.

"Mdogo wako si huyu hapa, mama?" aliuliza kwa upole.

Na wewe ungemwambia nani? Pasi ya kusafiria ilisema Athanasi, picha ilikuwa ya huyo huyo. Veridiana akifichua siri ya ile kadi ya kambi, uraia ungeondoka, na Aline, mke wa Dionizi, angebaki na watoto watatu bila mahali pa kushika. Polisi wangemtafuta Dionizi yupi? Dionizi hakuwahi kuandikwa popote duniani. Veridiana alirudi Marekani amekaa kando ya kile kitu kwa saa nane, akilia chini ya blanketi.

Juzi Aline alipiga simu kutoka kwao Whitehall, pale Columbus.

"Wifi, safari imembadilisha mume wangu. Hagombi tena. Ila anataka uji tu, asubuhi na jioni. Na kile kikohozi... sasa na mtoto mdogo anacho."

"Mpelekeni hospitali," alijibu Veridiana. Alijiona mwongo, akajichukia.

Mvua ikinyesha Buffalo, simu yake huita. Namba haionekani. Sauti anaijua.

"Dada... huku wanaita majina. Langu halimo. Niitikie."

Veridiana hufungua mdomo. Kisha anakumbuka kilichopanda basini mara ile alipoitikia. Anawatazama wanawe wanaokula, na kiti kimoja mezani kilicho wazi.

Anafunga mdomo. Anamsikiliza mdogo wake akilia, mpaka mvua ikatike.