Aliyefungulia Bwawa

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi ya Jumanne, bwawa halikuwepo.

Mahali pake palikuwepo. Miamba mitatu ilisimama palepale, na ule wanaorukia watoto bado ulikuwa mweusi kwa nyayo zao. Ila maji yaliyofika kimo cha watu wawili yalikuwa yameondoka, yameacha shimo la tope linalomeremeta juani. Familia sita zilisimama ukingoni na taulo mabegani. Ilikuwa wiki ya pili ya likizo, joto la kuchoma hata kivulini, na mto wenyewe umebaki kama uzi.

"Shangazi, wameliiba," alisema mtoto mdogo, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa.

Shangazi hakuwa shangazi yake hasa, bali wa baba yake, lakini nyumba nzima ilimwita hivyo. Alikuwa ameitumikia ofisi ya maji miaka thelathini na moja, akastaafu akiwa msoma mita, na alikuwa amekuja kuloweka magoti yake mabovu. Alimjibu mtoto kwamba maji hayaibwi kama kuku, lazima yaache njia. Akaanza kuitafuta.

Saa tatu Koplo alifika, na nyuma yake Afisa wa Maji aliyekuwa akichagua pa kukanyaga. Kufuli la geti halikuvunjwa. Daftari la zamu lilionyesha kwamba jana, Jumatatu, siku ambayo bwawa hufungwa, Mlinzi alikuwepo tangu alfajiri mpaka machweo. Saini yake hii hapa. Kwa hiyo ama alifungulia maji yeye, ama alitazama yakifunguliwa. Ilipotimia saa tatu na nusu, Mlinzi alikuwa ameketi juu ya jiwe na pingu mikononi. Bomba likipasuka mtaani, ofisi ile huchukua wiki kufika. Kumtia mtu pingu kuliichukua nusu saa.

Afisa alieleza kila kitu kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni. Mlinzi amemuuzia maji dereva wa lori la maji; ushahidi ni yale maduara kwenye tope, alama za mapipa. Faili litapelekwa mahakamani kesho. Uharibifu wa mali ya umma si chini ya miaka mitano.

Mlinzi aliinamisha kichwa. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na watu wote pale walijua.

Shangazi alivua viatu. Mtoto wa kaka yake alimshika mkono, akamkumbusha magoti.

"Magoti haya yameingia mashimo ya mita yenye nyoka," alimwambia. "Niache."

Alishuka. Alichukua muda wake, na kila alichokiona alikitaja kwa sauti ili Koplo aandike.

Kwanza, maji hayakuchotwa. Yalikuwa yametoka kwenye mwanya baina ya miamba miwili, ambao wazee wa zamani waliuziba kwa mawe, na kule chini nyasi zote zilikuwa zimelalia upande mmoja. Mwizi wa maji hayamwagi. Pili, mawe ya mwanya hayakutupwa. Yalipangwa kwenye nyasi, makubwa huku na madogo kule, kama afanyavyo mtu anayefungua mashine na kukusudia kuirudishia. Tatu, samaki. Walikuwa hai, wamejaa kwenye kidimbwi cha chini, na juu yao mtu ameweka matawi wasiunguzwe na jua.

"Mharibifu mwenye huruma," alisema Koplo.

"Andika hivyohivyo," alisema Shangazi.

Nne, maduara. Pipa lina ukingo mwembamba na hukata tope kama kisu. Hizi alama zilikuwa nene na laini, na kila moja ilikuwa na kovu dogo upande wa ndani, kama tundu la kidole. Shangazi alizitazama muda mrefu kuliko vingine vyote, kisha akapanda ukingoni.

Dereva wa lori aliletwa saa nne, akiwa na grisi hadi viwikoni. Aliuliza kama Afisa angependa kuja kuliona lori lake, maana tangu Jumamosi lilikuwa juu ya matofali, injini iko chini ya mwembe wa fundi imekaa kama mgonjwa. Watu walicheka. Afisa hakucheka, akasema basi ni lori jingine.

Shangazi akaenda kukaa kando ya Mlinzi. Alimuuliza taratibu mkewe anaendeleaje. Mlinzi alisema jana alishikwa na uchungu wa mapema, wakashinda hospitali, lakini sasa umetulia.

"Kumbe jana hukuwepo," alisema Shangazi. "Ulisaini mapema."

"Nikikubali, nafukuzwa kazi. Nikikataa, nafungwa. Nichague lipi, mama?"

"Ufunguo ulimwachia nani?"

Mlinzi alitazama tope. Alisema mtu akikusaidia siku mkeo anaumwa, humlipi kwa kumtaja kwa polisi. Hilo lilitosha. Pale bwawani mtu wa kuachiwa ufunguo alikuwa mmoja tu.

Kibanda cha Mama Mipira kilikuwa hatua arobaini kutoka ukingoni. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akikodisha mipira ya ndani ya magurudumu ya malori, watoto wanaelea nayo. Hakuwahi kufunga kabla mtoto wa mwisho hajatoka majini; alikuwa akiwahesabu mmoja mmoja, mpaka wazazi wanamtania kwamba ni mwalimu wa zamu. Asubuhi ile wenye kuuza maandazi na soda wote walikuwa wameuliza bwawa litajaa lini. Yeye hakuuliza.

Shangazi aliingia na Koplo; Afisa akabaki mlangoni. Mipira ilikuwa imeoshwa na kutundikwa. Shangazi alimgeuzia Koplo mmoja na kuweka kidole pale pa kujazia upepo, panapochomoza kwa ndani. Lile ndilo kovu. Mtu aliweka chekeche la mchanga juu ya mpira, likaelea, akachekecha tope huku maji yakipungua. Na mtu aliyepanga mawe ili ayarudishie, asipoyarudishia, ni kwa sababu amekipata alichokuwa akitafuta, na hakuweza kuendelea na kazi.

"Ulimpata nani, mwanangu?" aliuliza Shangazi.

Mama Mipira alikuwa akikunja kitambaa. Alikikunja mpaka mwisho.

"Mdogo wangu."

Alisimulia akiwa amesimama. Miaka ishirini na sita iliyopita familia yao ilikuja hapa siku ya joto kama hii. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu, akaambiwa amwangalie Kibata, wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa kupenda maji. Akageuka kidogo tu. Kwenye jiwe kikabaki kiatu kimoja cha plastiki, cha kushoto. Wazamiaji wawili walitafuta hadi adhuhuri. Baba yake akaiandikia ofisi, akiomba mawe yafunguliwe. Ofisi ikajibu kwamba mtoto huenda ametoroka, na kwamba kukausha bwawa ni kazi ya miezi mitatu. Wiki ile wakubwa walikuwa wanakuja kuogelea.

"Hizo ni hadithi," alisema Afisa. "Barua iko wapi?"

"Niliipiga taipu mimi," alisema Shangazi. "Nilikuwa karani. Hakuna aliyekuja kupima hili bwawa. Bosi alisema, 'Weka miezi mitatu,' nami nikaweka, nikagonga mhuri, nikaenda kula."

Mama Mipira alimtazama Shangazi kama anayepima uzito wa mzigo, kisha akainama na kutoa chini ya meza furushi dogo la shuka nyeupe. Hakulifungua. Juu yake palikuwa na viatu viwili vya plastiki. Kimoja kilikuwa kisafi, kingine kimekula tope. Alisema mdogo wake alikuwa chini ya mwamba wa kurukia, ndani kabisa, na watoto wa watu wakiruka juu yake kila likizo.

Koplo alivua kofia. Akatoka, akamfungua Mlinzi pingu, akarudi. Kuhusu saini ya uongo alisema hajaona daftari lolote, ana macho mabovu. Afisa alidai Mama Mipira akamatwe badala yake. Koplo alimwambia atachukua maelezo kwanza, na maelezo yatakwenda yalivyo. Akapiga goti, akaweka daftari kwenye stuli.

"Dada, ulianza saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Ukampata saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Nilikuwa na mtaimbo tu."

"Hilo la saa si lazima kuliandika," alisema Afisa.

Koplo alihesabu kwa vidole, kisha akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka hata mlangoni: KAZI YOTE ILICHUKUA SAA SABA.