Kichwa cha Harka

Kila asubuhi, kabla jua halijafika bondeni, Jasmaya alimpelekea kaka yake Harka chai ya rangi kwenye ukuta wa mawe, mahali wapagazi walipofungia mizigo. Harka aliinywa akiwa amesimama, akamaliza sahani yake ya wali na dengu, kisha akafunga kapu lake kwa kamba. Hakuna mpagazi aliyefunga upesi kama yeye.

Asubuhi hii sahani ilibaki imejaa.

"Kula wewe," Harka alisema. "Mimi sina njaa."

"Hata jana usiku hukula."

"Basi nimeshiba tangu juzi. Kula, tunachelewa."

Jasmaya alikuwa darasa la sita. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu, naye alikuwa akipanda kwenda kwa shangazi yao, mpishi wa nyumba ya wageni kwenye ziwa la tatu. Harka alikuwa amepata kazi ya kuwabebea mizigo watalii wawili waliokuwa wakielekea huko huko, ndiyo maana mama aliwaruhusu waongozane. Kwao kulikuwa mbali sana chini, kwenye mashamba ya ulezi.

Njia ilipanda kando ya mto, kati ya nyasi zilizoganda. Gyalzen, kiongozi wa safari ambaye vijana wote walimwita Mjomba, alitangulia na wageni. Nyuma walifuata Harka na mpagazi mwenzake Purna, kila mmoja na kapu mgongoni, limeshikiliwa na ukanda uliopita kwenye paji la uso. Jasmaya alikuwa wa mwisho, akimtazama kaka yake.

Harka alisimama mara kwa mara, akaegesha kapu juu ya gongo lake fupi na kufumba macho.

"Kichwa kinakuuma, kaka?"

"Ni ukanda tu. Unanibana."

Walipofika ziwa la kwanza, Harka alijificha nyuma ya jiwe kubwa. Jasmaya alimsikia akitapika. Akakumbuka onyo la Gyalzen. Siku ya kwanza ya safari, Gyalzen alikuwa amewaonya wote kwamba huko juu hewa ni nyepesi, na mtu anayeumwa kichwa na kutapika akiendelea kupanda anaweza kufa. Wageni walisikiliza kwa makini. Purna alicheka na kumnong'oneza Harka, "Hayo ni maradhi ya watalii. Sisi watu wa milima tangu tumboni."

"Tumwambie Mjomba Gyalzen," Jasmaya alisema kwa sauti ndogo.

Harka alijifuta mdomo. "Ukimwambia, atanirudisha chini. Nani ataniita tena kazini? Watasema Harka ni mlegevu kama maziwa ya mgando. Nyamaza, mdogo wangu. Tukifika kwa shangazi nitalala."

Jasmaya alitii, akamfuata bila kumwondolea macho. Alikuwa mtoto asiyependa kusema mbele za watu. Hata darasani, alipojua jibu, alisubiri mwingine alitoe.

Kwenye ziwa la pili maji yalikuwa ya kijani kama shaba ya zamani. Wapagazi walitua mizigo. Jasmaya alifurahi kidogo. Kama ni ukanda, aliwaza, sasa umetoka, na maumivu yataondoka.

Walikaa mpaka Purna akamaliza kuvuta sigara yake na kusinzia. Harka alikuwa bado ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kinauma bado?"

Harka aliinama kukaza kamba ya kapu. Vidole vyake vilizunguka zunguka, fundo likafunguka. Akajaribu tena, likafunguka. Kisha akainuka, akapepesuka na kushika bega la Purna.

"Ndugu yangu, umelewa?" Purna alicheka. "Mbona hukunigawia?"

Jasmaya hakucheka. Mbele, Gyalzen na wageni walikuwa wadogo kama mbuzi kilimani. Kama angengoja kidogo, wangepotea nyuma ya kilima. Alijua kaka yake angemkasirikia, pengine mwaka mzima. Akatupa mfuko wake chini, akakimbia.

Alipomfikia Gyalzen hakuwa na pumzi. "Mjomba," alisema, "Harka anatapika. Kamba haifungiki."

Gyalzen hakuuliza mara mbili. Aliteremka mbio, akampima Harka kwa kumwamuru atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Harka alipiga hatua chache, akaanguka ubavu.

"Toa mzigo wote kapuni, tunamteremsha sasa hivi," Gyalzen alimwambia Purna. Akachomoa kisu na kukata ubavu wa kapu, nafasi ya kupitisha miguu.

"Kapu langu hilo," Harka alilalamika kwa ulimi mzito.

"Utasuka jingine. Ingia."

Wageni walirudi, wakakubali kubaki na mizigo na kungoja ziwani. Purna, aliyekuwa akicheka muda mfupi uliopita, alivaa ukanda na kumbeba Harka mgongoni. Gyalzen alimshika Harka bega asiyumbe. Jasmaya alifuata, akimwita kaka yake kila alipofumba macho, naye akaitika, kila mara kwa sauti hafifu zaidi.

Waliteremka, wakapita ziwa la kwanza, wakateremka tena. Karibu na kijiji cha chini chenye zahanati, Harka aliinua kichwa.

"Purna, unanuka jasho."

Purna alijibu, "Na wewe mzito kama nyati." Lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Mganga wa zahanati alimpa Harka dawa na hewa ya mtungi. Alasiri alikunywa supu ya vitunguu saumu, akaiomba tena.

"Mjomba," alisema bila kumtazama Gyalzen, "sasa hutaniita tena kazini."

"Nitakuita," Gyalzen alijibu. "Wewe umekulia kwenye mashamba ya ulezi, chini kabisa. Mwili wako huku juu ni mgeni kama mwili wa mtalii. Kuugua si uvivu wala si aibu. Nisiyemwita tena ni yule anayenificha ugonjwa wake, kwa sababu huyo nitakuja kumpeleka kwa mama yake akiwa maiti. Leo aliyefanya kazi ya mtu mzima ni huyu mtoto. Aliogopa, na akasema."

Jasmaya aliinamisha uso.

Purna alipotoka kwenda kuwaambia wageni habari, Harka alimgeukia dada yake.

"Nilikwambia unyamaze."

"Najua."

"Nikikwambia tena hivyo," Harka alisema, akimsogezea bakuli la supu, "usinisikilize."