Bonge Anamrudisha Mtoto Hospitali

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya Chiriku ilikuwa kufua nepi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alisuuza, akakamua, akaanika kambani nyuma ya nyumba, huku akimtania mdogo wake wa miaka mitano, ambaye kwa mashavu yake wote walimwita Bonge.

"Bonge, unajua wewe tulikununua hospitali?" alisema siku moja. "Tena ulikuwa umebaki peke yako, hakuna aliyekutaka. Sasa mama ameleta mpya. Wa zamani anarudishwa."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka hadi akajipangusa machozi. Mama naye alicheka kule kitandani alikolala na kichanga chake cha kike. Bonge hakucheka.

"Lini?" aliuliza.

"Ijumaa," Chiriku akamjibu, akaendelea kukamua.

Ijumaa ilipofika, mama aliingia bafuni, bibi akawa chumbani kwake akisali, na Chiriku akaambiwa amwangalie mtoto. Alimwangalia kidogo tu. Alipoona amelala fofofo, akatoka kuanika nepi.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

Aliinua shuka. Akainama uvunguni. Akapiga ukelele, "Mama! Mtoto hayupo!"

Mama alitoka mbio na povu la sabuni kichwani. Bibi akamfuata akiita, "Ee Mola wetu! Ee Mola wetu!" Lango lilikuwa wazi. Mchangani palikuwa na alama ya kitu kizito kilichoburutwa. Beseni kubwa la kufulia halikuwepo. Bonge naye hakuwepo.

Waliifuata ile alama wakikimbia, wakapita kwa kinyozi, hadi barabara kuu, pale malori ya mchanga yanapopita yakivuma. Bonge alikuwa ukingoni mwa lami, kamba begani, beseni nyuma yake, mguu mmoja tayari barabarani. Fundi viatu alikuwa amemshika ukosi wa shati.

"Jamani, huyu ni wa nani?" fundi viatu alifoka. "Lori limemkosa kidogo hapa, hapa hapa! Namuuliza unakwenda wapi, ananiambia eti anarudisha mtoto hospitali!"

Ndani ya beseni, juu ya mto, kichanga kilikuwa kimelala, hakina habari.

Mama alimnyakua, akamkumbatia. Watu wakajaa.

"Wivu huo!" mmoja akasema. "Alitaka kumuua mwenzake. Mchapeni hadi akome!"

Bibi, akihema, akavunja kijiti kwenye ua wa karibu.

Bonge akakitazama kile kijiti. "Leo Ijumaa," alisema. "Mrudisheni huyu. Mimi nimeshazoea nyumbani."

Chiriku akayakumbuka maneno aliyomtania. Angeweza kunyamaza, hakuna mwingine aliyekumbuka maneno yale. Kijiti kikainuka.

"Bibi, usimpige!" alilia. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyemwambia atarudishwa Ijumaa. Na mtoto nilimwacha peke yake."

Bibi akashusha mkono polepole, maana naye siku ile alicheka.

Walipofika nyumbani, walimkuta shangazi, mwalimu wa chekechea, ambaye makelele yalimfikia. Alisikiliza yote, mkono mdomoni.

"Lakini shangazi, si alijua natania?" Chiriku aliuliza kwa kwikwi. "Hata paka angejua!"

"Wewe ungejua, kwa kuwa akili yako imefika hapo," shangazi akasema. "Chuoni tulifundishwa habari za wataalamu waliochunguza makuzi ya akili, tangu mtu anapozaliwa hadi uzeeni. Mmoja alisema akili hupanda ngazi. Mtoto wa umri wa Bonge hulichukua neno kama lilivyo: kilichonunuliwa kinaweza kurudishwa. Katika umri wako ndipo mtu huanza kuona kilichojificha ndani ya neno. Mwingine alisema kila umri una swali lake. Huyu mchanga anauliza, 'Watu hawa naweza kuwategemea?' Bonge anauliza, 'Nikijaribu jambo mwenyewe, ni vibaya?'"

"Na mimi kikongwe nauliza nini?" bibi akadakia.

"Wewe, mama, unajiuliza kama umeishi vizuri."

"Basi leo nimejibiwa vibaya." Bibi akamvuta Bonge mapajani. "Nilicheka pasipo na kichekesho, mjukuu wangu. Nisamehe."

Chiriku akapiga magoti mbele ya mdogo wake. "Bonge, nilikudanganya. Hukununuliwa. Mama alikuzaa, kama alivyonizaa mimi."

Bonge akafikiri sana. "Na huyu naye alizaliwa?"

"Ndiyo."

"Basi harudishwi," akaamua, akaenda kumfunika mtoto miguu.

Mama alicheka na kulia kwa pamoja, povu likiwa limemkaukia kichwani. Shangazi akamshika Chiriku bega.

"Leo Mungu ametuokoa," alisema, "na wewe umemwokoa mdogo wako kwa kusema kweli. Ila kuanzia sasa, kabla hujamtania mtu, pima kwanza umri wa masikio yake."