Maganda ya Nyota

Siku za kumenya mdalasini, Mwanaheri wa Bigwa alikuwa na sheria moja. Mtu asifagie kibaraza kabla yeye hajayaangalia maganda.

Aliparua ganda la nje la kila tawi kwa kisu. Kisha alibandua gome la ndani, lile linalouzwa. Maganda yalitapakaa kila mahali. Majirani walimcheka kwa uchafu huo, lakini yeye hakujali hata kidogo. Maganda ndiyo yaliyomwambia kama tawi lilikuwa changa au limekomaa, hata baada ya mdalasini kuuzwa.

Jumamosi moja binti yake, Zuhura, alikaa karibu naye na kompyuta mapajani. Zuhura alisoma fizikia chuoni. Alikuwa amekunja uso.

"Una nini?" Mwanaheri aliuliza.

"Nafuta vipimo, mama. Mwaka mzima nafuatilia nyota moja ya mbali iliyolipuka. Jumatatu napeleka ripoti, na vipimo vya mwisho vimeniharibia kila kitu."

Kabla hajafuta, hodi ikabishwa. Alikuwa mwalimu Godlisten, jirani yao anayefundisha fizikia chuoni. Alifuata mdalasini wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zuhura. Nimesikia unataka kufuta vipimo. Hebu nionyeshe."

"Nyota imeshalipuka," alisema Mwanaheri. "Sasa mnapima nini?"

"Nuru yake, mama Zuhura. Darubini inaigawa nuru katika rangi, kama upinde wa mvua. Kila kitu kilichomo huacha alama zake kwenye rangi hizo. Gesi ya haidrojeni ina zake."

"Nyota nyingi zimefunikwa na haidrojeni," Zuhura alieleza. "Hii ilipolipuka, haidrojeni haikuonekana. Nikaandika kwamba haikuwahi kuwa nayo. Baada ya miezi saba, haidrojeni hiyo ikatokea! Nimekosea mahali. Naona aibu."

Mwanaheri aliinua tawi alilokwisha kulimenya. Lilikuwa jeupe, tupu.

"Na hili utasema halikuwahi kuwa na gome?"

"Hapana, mama. Umelitoa wewe."

"Umejuaje?"

Zuhura alitazama chini. Maganda yalikuwa yamemzunguka miguuni.

"Nyota yangu ilivuliwa," alisema taratibu. "Ganda lake lilibaki pembeni."

"Hapo umefika," alisema mwalimu. "Ilipolipuka, vipande vyake viliruka. Vilichukua miezi saba kulifikia ganda. Vilipoligonga, likawaka, nawe ukaliona."

"Lakini nani aliivua?"

"Huenda ni upepo wake wenyewe, gesi inayovuma kutoka kwenye nyota. Huenda ni nyota jirani iliyolivuta ganda. Mlipuko ulififia haraka?"

"Haraka sana."

"Basi vipande vilikuwa vichache, maana vikiwa vingi nuru hukawia kufifia. Yaelekea nyota haikuwa kubwa mno, na upepo wake peke yake usingetosha. Mshuku jirani. Ila andika 'huenda', na uwaulize wengine walioipima."

Zuhura hakufuta kitu. Aliwaandikia wenzake wa nchi nyingine waliokuwa wakiitazama nyota ileile. Saa ile ya kungoja ilimtesa. Mwalimu aliaga, akaenda na mdalasini wake.

Jibu lilifika kabla ya alasiri. Wenzake nao walikuwa wameiona haidrojeni. Walidhani darubini yao ina hitilafu, na vipimo vyao walikuwa wameviweka kando, wakisubiri kuvitupa. Sasa wangevirudisha. Zuhura alicheka huku machozi yakimtoka.

Alifuta sentensi moja tu ya ripoti yake, akaandika nyingine. Akamgeuzia mama kompyuta. Mwanaheri alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Aliweka kidole kwenye kioo, akasoma polepole, neno kwa neno:

"Nyota hii ilikuwa na ganda la haidrojeni. Ilivuliwa kabla ya kufa, huenda na nyota jirani."

Aliisoma tena. Kisha aliyageuza maganda ya kibarazani kwa mkono, akaridhika, akamkabidhi binti yake ufagio.

"Haya," alisema. "Sasa fagia."