Mfuko Tumboni mwa Mbuzi

Ibado alikuwa akipanga nyanya kwenye genge lake, mbele ya nyumba. Mara akamwona mwanamke asiyemjua akisukuma toroli. Ndani ya toroli alilala mbuzi.

"Asalaam aleikum, dada. Nimeulizia mwenye mbuzi wa pembe zilizopakwa rangi ya buluu. Nimeambiwa ni wewe."

Nyanya ilimponyoka Ibado. "Deero! Umemgonga?"

"Wallahi sijamgonga. Nimemkuta amelala karibu na machinjio. Nikaona nimlete kabla wenye visu hawajamwona."

Mgeni huyo aliitwa Kaltun.

Mbuzi wa mjini Burao hawana mchungaji. Asubuhi hutoka wenyewe, jioni hurudi wenyewe. Maziwa ya Deero yalikuwa ya Sagal, mjukuu mdogo wa Ibado. Mama yake Sagal alikuwa kazini Berbera.

Warsame, mume wa Ibado, alitoka nje. Akamshika mbuzi tumbo. Lilikuwa limevimba, gumu.

"Amekula nini huyu?" aliuliza.

"Wali," alijibu Ibado. "Kila jioni nampa wali uliobaki. Anakula vizuri kuliko wewe."

"Hilo nalijua," alisema Warsame.

"Unampaje huo wali?" aliuliza Kaltun.

"Naufunga kwenye mfuko wa plastiki, namtupia nje ya ua. Nikiumwaga chini utaingia mchanga. Chakula ni neema, dada. Hakimwagwi mchangani."

"Na asubuhi, mfuko huwa uko wapi?"

Ibado alifikiri. Hakuwahi kuuona. Siku zote alidhani umepeperushwa na upepo.

"Dada yangu," Kaltun alisema polepole, "kazi yangu ni kuosha matumbo pale machinjioni. Naona mengi. Mfuko ukishika chumvi na harufu ya chakula, mbuzi anaona ni chakula. Hana vidole vya kufungua fundo. Anameza vyote. Plastiki haiozi tumboni. Mifuko inajikusanya, inakuwa donge. Mbuzi anajiona ameshiba. Hali, na maziwa yanakauka."

"Maziwa yake yamepungua kweli. Sisi tulisema ni ukame," alisema Warsame.

Walimwita daktari wa mifugo. Alimpima Deero, akatikisa kichwa. Walikuwa wamechelewa. Warsame alimchinja ili asiteseke zaidi.

Kaltun alipofungua tumbo, lilitoka donge kubwa kama kichwa cha mtoto. Ibado alivuta mfuko mmoja, kisha mwingine. Mifuko ile ilikuwa na mistari ya manjano, kama ile ya gengeni kwake.

"Huu ni wangu," alisema. "Na huu. Nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ulimlisha kwa huruma," alisema Kaltun. "Hukujua. Sasa unajua. Na yule pale je?"

Karibu na lango alisimama Cosob, binti wa Deero, mwenye mimba yake ya kwanza. Alikuwa anatafuna kitu. Ibado alikimbia, akamtia vidole mdomoni, akachomoa kipande cha plastiki.

Alirudi akihema. "Kaltun, hapa gengeni sitampa mtu mfuko wa plastiki tena. Nakuahidi."

"Usiniahidi mimi. Mwahidi Cosob."

"Nakuahidi wewe. Cosob hawezi kuja kunisuta."

Kaltun alicheka kidogo. Kuanzia kesho yake alileta maziwa ya mbuzi wake kila asubuhi, kwa ajili ya Sagal. Hakutaka malipo.

"Mifuko uliyo nayo usiitupe," alimfundisha Ibado. "Wala usiichome, moshi wake ni mbaya kwa mtoto. Ioshe, ianike, itumie tena."

Ibado aliiosha, akaianika juu, mbuzi wasikofika. Mizima aliitumia nyumbani tena na tena. Iliyochanika aliikatakata, akaijaza kwenye gunia, akapata mto wa kukalia gengeni. Wali uliobaki aliutia kwenye beseni. Alisimama hapo mpaka Cosob amalize, kisha akaliondoa beseni.

Akashona mifuko ya nguo kwa shuka kuukuu na viroba vya mchele. Asiye na kikapu aliazimwa mmoja.

"Leo umekuwa mkali!" jirani mmoja alilalamika. "Vitunguu nibebe kwa meno?"

"Meno yenyewe unayo? Chukua huu, kesho uurudishe. Mama yako alikwenda sokoni na nini?"

"Na kikapu."

"Basi kitafute."

Wengine walinuna, wakaenda genge la pili. Wengi walirudi, vikapu mkononi. Mtaa ukaanza kuwa safi. Kisha Cosob akazaa salama. Maziwa yakawa mengi, ya Sagal na ya wakubwa pia.

Siku moja mchana gari lilisimama. Nyanya za Ibado zilikuwa zimeiva mno. Zisingefika kesho.

"Mama, nipe zote," alisema dereva. "Kuna harusi. Nitilie kwenye mifuko ya plastiki."

"Sina ya kutoa, mwanangu. Nikuazime ya nguo?"

"Mimi naenda Hargeisa! Nitairudisha lini?"

"Basi nitakutafutia sanduku kwa jirani. Subiri kidogo."

"Sina muda. Mifuko ile naiona imeanikwa pale. Nipe hiyo tu."

Ibado aliitazama mifuko, akazitazama nyanya. Warsame alimkonyeza: mpe.

"Ile haitoki nje ya ua huu," alisema Ibado. "Nimeahidi."

Dereva alitikisa kichwa, akaondoa gari.

Jioni hiyo walikula wali kwa nyanya. Asubuhi walikula mikate laini ya anjera kwa nyanya. Mchana Warsame alifunua sufuria, akaifunika tena.

"Na chai, mke wangu?" aliuliza. "Umeitia nyanya?"

"Chai ina maziwa," alijibu Ibado, akamjazia kikombe.