Kadi ya Mchango kwa Serikali

Asubuhi katika nyumba hii huanza kwa mlio wa cherehani. Mama mwenye nyumba ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko barazani, karibu na mlango, ili apate mwanga. Mume wake ni fundi baiskeli. Mtaa mzima humwita Spoku kwa sababu ya wembamba wake. Binti yao ana miaka kumi na miwili. Halafu yuko Bibi, mama yake Spoku. Yeye huketi kwenye mkeka na bakuli la vifungo, akivichambua kwa vidole. Vikubwa huku, vidogo kule.

Anatumia vidole kwa sababu macho yake yanafifia. Mwezi uliopita daktari hakumficha. Alimwambia, "Bibi, dawa zinapunguza kasi tu. Mwakani huenda usione kabisa."

Walipofika nyumbani Bibi alisema, "Basi nataka kumwona mjukuu wangu akiongoza ngoma. Mara moja tu, kwa macho haya."

Ngoma hiyo huchezwa Siku ya Mtaa, mara moja kwa mwaka. Bibi aliiongoza kwa miaka ishirini. Sasa amemfundisha binti, hapo hapo uani, hatua kwa hatua, mpaka kuku wamezoea na hawakimbii tena. Lakini mwaka huu sherehe ilikuwa mashakani. Siku zote gharama zilibebwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye amehamia mji mwingine. Ngoma mbili zimepasuka. Vipaza sauti hakuna. Choo cha uwanjani hakina mlango.

"Tuiombe serikali," alisema fundi wa nguo.

"Niachie mimi," alisema Spoku.

Wewe humjui Spoku, kwa hiyo hujui hatari ya maneno hayo. Baiskeli anaifungua na kuifunga huku anapiga soga. Mambo ya ofisi ndiyo humpiga chenga. Alikwenda kwa mchapaji, akachapisha kadi hamsini za mchango, kama zile za harusi. Zilikuwa na maua pembeni. Ziliandikwa: "Familia na kamati wana furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali. Majina ya waliochanga yatasomwa hadharani." Kwenye vitone vya jina la mwalikwa, Spoku akaandika kwa mkono wake: Serikali. Akavaa shati lake la heshima, akaipeleka kadi ofisi ya utamaduni.

Alirudi kabla ya saa sita, uso umemshuka.

"Wamesemaje?" mkewe aliuliza.

"Afisa aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza bibi harusi ni nani."

Fundi aliinamia cherehani ili asionekane anacheka. Bibi alicheka waziwazi. Kicheko kilipomwisha, alirudi kwenye vifungo vyake. Spoku aliona kidole cha mama yake kikitafuta kifungo kilichokuwa mbele yake kabisa. Roho ilimuuma.

"Serikali haitoi kitu," alisema. "Tumekwama."

"Hodi hapo," ilisema sauti nje.

Alikuwa jirani yao, Mzee Tarishi. Alifanya kazi ya utarishi katika ofisi za mji kwa miaka thelathini. Alibeba mafaili mpaka bega moja likainama.

"Karibu, mzee," alisema fundi.

"Asante, mwanangu. Habari za kadi zimefika nyumbani kwangu kabla Spoku hajafika kwake." Aliketi. "Sikilizeni. Ofisi ile ina fungu la sherehe na shughuli za utamaduni. Linatengwa kwenye bajeti kila mwaka. Tangazo lipo ubaoni, nje ya mlango. Spoku alilipita."

"Mbona afisa hakuniambia?"

"Ulisubiri amalize?"

Spoku alijikuna shingo. Hakuwa amesubiri.

"Pesa hizo ni za nani, mzee?" aliuliza fundi.

"Ni zenu. Ukinunua boksi la vifungo, kuna kodi humo. Mumeo akinunua tairi, kuna kodi humo. Kwa hiyo hamwendi kuomba hisani. Lakini ni pesa za watu wote, na anayezitoa lazima ajue zinakwenda kufanya nini. Wewe Spoku umemwambia hali na mali. Ataandika nini kwenye faili?"

Akawaeleza utaratibu wa ofisi hiyo. Mtu mmoja mmoja hapewi. Kinachopewa ni kikundi kilichoandikishwa, chenye viongozi waliochaguliwa na akaunti yake ya benki. Fomu ni bure. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa mwisho wa mwezi.

"Siku kumi na nane," alisema Bibi. Alikuwa amekwisha kuhesabu.

Kikundi kiliandikishwa wiki hiyo hiyo, na fundi akachaguliwa katibu. Jumamosi waliitandaza fomu juu ya meza ya kukatia nguo. Palipoulizwa mahitaji, Spoku alisema, "Andika vitu vya sherehe."

"Vitu gani?" Mzee Tarishi aliuliza. "Anayesoma hajawahi kuuona uwanja wenu."

Wakaandika: ngozi za ngoma mbili, vipaza sauti vya kukodi siku moja, mlango wa choo. Wakaulizia bei za kweli dukani.

"Na mashati ya sare ya kamati," aliongeza Spoku.

"Kamati itacheza ngoma?"

"Haitacheza."

"Basi futa."

Fomu iliuliza pia nani watanufaika. "Watu wote," alisema Spoku.

"Si kweli," alisema Bibi kutoka mkekani. "Watu wa ng'ambo ya mtaro hatujawahi kuwaita. Hata mimi sikuwaita."

Ilikuwa kweli, na waliona aibu.

"Kodi yao imo humo pia," alisema Mzee Tarishi. "Waalikeni."

Swali la mwisho liliuliza mtaa wenyewe utatoa nini. Spoku alisema hawana kitu.

"Nani atashona mavazi?" aliuliza mzee.

"Mimi," alisema fundi.

"Nani atafagia uwanja?"

"Sisi."

"Kazi yenu ni mchango. Iandikeni."

Hapo Spoku akazikumbuka kadi zake arobaini na tisa. Juu ya kila kadi aliandika ombi dogo: benchi moja, ndoo mbili za maji, asubuhi moja ya kufagia. Akazunguka nazo nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za mtaro. Safari hii hakuna aliyeuliza habari za bibi harusi.

Afisa alikuja mwenyewe kuukagua uwanja. Jibu lilitoka baada ya wiki tatu. Ngozi za ngoma na vipaza sauti vilikubaliwa. Mlango wa choo ulikataliwa, kwa kuwa fungu lile si la majengo. Seremala mmoja wa ng'ambo ya mtaro aliutengeneza kwa mbao zake. Alikuwa amepata kadi.

Siku ya Mtaa uwanja ulijaa. Bibi aliwekewa kiti mbele kabisa. Ngoma zilipoanza, binti alitoka mbele ya wenzake, kiuno kimefungwa kitambaa chekundu alichoshonewa na mama yake. Bibi aliinama mbele, mikono magotini. Spoku hakutazama ngoma. Alimtazama mama yake.

"Unaona, mama?"

Bibi hakujibu mpaka ngoma ilipokwisha.

"Mguu wa kushoto unachelewa," alisema. "Kesho tutaurekebisha."

Spoku alilia mbele ya watu, na hakujali.

Wiki iliyofuata fundi alikaa kuandika ripoti, kwa sababu mwenye kupewa pesa za umma hudaiwa maelezo. Alibandika risiti. Aliandika idadi ya waliohudhuria. Kisha akafika palipoulizwa sherehe imeleta matokeo gani. Akaumauma kalamu, halafu akawasomea wenzake swali hilo.

Bibi aliinua uso kutoka kwenye bakuli la vifungo.

"Andika kwamba nimemwona," alisema.

Fundi akaandika hivyo hivyo.